Mjomba Alipokuja Kumchukua Binti Yangu Wodini

Mwaka 2009, nikiwa na miaka arobaini na saba, shida iliingia nyumbani kwangu Newala. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini mimi siuiti shida. Niliishia darasa la tatu na sijawahi kumwomba mtu hata chumvi. Shida ni binti yangu wa pekee kushikwa na homa, shingo ikakakamaa, tukateremka naye Masasi, hospitali ya Mkomaindo, hajitambui.

Naandika haya kwa sababu wahubiri wamenichosha. Kila inaposomwa habari ya yule mkuu wa sinagogi aliyemfuata Yesu aje amponye binti yake, wanatuambia baba yule hakuwa na hofu. Wamejuaje? Mimi nimekaa kwenye benchi la wodi nikiogopa kila mlango unapofunguliwa, halafu mtu aliyeshiba anasimama kunifundisha kwamba hofu ni dhambi!

Daktari alisema dawa zinaingia, tungoje. Asubuhi akaja kaka wa mke wangu, na wazee wawili wa ukoo wao. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Baba analima, analisha, ananyamaza. Walikaa uani pa hospitali, wakamenya ming'oko, vile viazi vya porini, wakala mpaka wakaridhika, ndipo wakaniita.

"Shemeji, tumekuja kumchukua mtoto."

"Kumpeleka wapi?"

"Nyumbani. Akifia huku, gari la maiti atalipa nani? Sasa hivi anapanda basi kama abiria."

"Hajafa."

"Hajafa leo."

Hapo simu yangu ikaita. Ni jirani wa Newala, analia, ananipa pole ya msiba. Kumbe wanawake wa ukoo wameshatwanga muhogo, mikeka imetandikwa uwanjani, kuni zimepasuliwa. Mwanangu anapumua Masasi, matanga yake yanapikwa Newala!

Nilimwuliza shemeji. Hakuona haya.

"Watu wanajiandaa. Wewe unangoja muujiza?"

"Nangoja."

Wakacheka. Mzee mmoja akajipiga paja. "Mkwe wetu amekuwa nabii, mtafutieni kanzu!"

Hata katika ile habari waliokuwa msibani walicheka, na Yesu akawatoa nje wote. Mimi neno la kuponya sina, lakini kutoa watu nje naweza. Nikasimama mlangoni pa wodi.

"Mjomba ni wewe, sikatai. Ila atakayemgusa ataanza na mimi."

"Mtoto si wako, shemeji."

Mke wangu alikuwa ndani akimlinda mtoto. Akanyanyuka kitandani kwa mtoto. "Kaka, rudini. Mtoto anabaki na baba yake." Shemeji akatema mate chini, akaondoka na wazee wake.

Kama nilikuwa na hofu? Nilikuwa nayo mpaka mkojo ukanibana. Yule baba alipoambiwa asiogope, aamini tu, hakuna palipoandikwa alijibu nini. Aliendelea kutembea kwenda nyumbani kwake, kwenye vilio. Hayo ndiyo ninayoyajua mimi kuhusu imani, na siyasikii madhabahuni.

Jumapili binti akafumbua macho, akaomba uji. Sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Muhogo uliotwangwa waliula wenyewe. Waliomba sala gani juu yake sijui. Alipoolewa, mjomba alikaa mbele, akapokea fungu lake la mahari, akanipa mkono. Niliupokea. Sijamsamehe, na padri anajua.

Sasa binti ana watoto, na mjomba wao ni mwanangu wa kiume. Nimeshamwambia: mtoto wa dada yako akiugua, nenda wodini na chupa ya uji. Ukienda na nauli ya kumrudisha, usikanyage kwangu.

Leo nina shamba la mikorosho nililofyeka mwenyewe, nyumba ya bati, kisima cha kukingia maji ya mvua, pampu ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, baiskeli mbili, mbuzi, na kitanda nilichonunua Masasi. Binti simwandiki katika mali hizi. Yuko kwake Lulindi.