Mke Wangu Hatazami Skrini

Mke wangu alikuwa mpiga chapa ofisini kwa miaka ishirini na tisa, na muda wote huo hakuwahi kutazama anachokichapa. Macho yalikuwa kwenye karatasi iliyosimamishwa kushoto kwake, vidole vikijiendea vyenyewe. Mabosi saba walipita, na wote walimheshimu kuliko walivyomheshimu mkurugenzi.

Alipostaafu nilidhani tutapumzika. Wapi! Wiki ya pili tu akajiandikisha darasa la kutengeneza tovuti, linalofundishwa kwa mtandao, wanafunzi wenzake wote umri wa binti yetu. Binti ndiye aliyetuachia kompyuta yake ya zamani, iliyojaa hadi haina nafasi ya programu hata moja. Ikabidi mke wangu atumie vihariri vya mtandaoni, yaani zile kurasa unazofungua kwenye intaneti, ukaandika msimbo, yale maagizo ya herufi na mishale, upande mmoja na tovuti yako ikajitokeza upande wa pili. Ni vya bure, ni rahisi, na ni vigeugeu kupindukia.

Cha kwanza kilikuwa na tabia ya kuganda. Mke wangu anaandika rasimu kwa kalamu, anaisimamisha kushoto, anachapa mistari sitini bila kupumua, anainua macho: kumbe kihariri kiliganda kwenye mstari wa nne. Mistari hamsini na sita imekwenda na maji. Cha pili kilimtoa nje katikati ya kazi, na aliporudi kikampa ukurasa mweupe kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Si utazame skrini, mama," nikamwambia.

"Nianze ushamba uzeeni?"

Kazi ya kwanza haikumfikia mwalimu. Ya pili vilevile. Mwalimu, mwanamke mpole lakini asiye na mchezo, akampigia simu. Habari za kihariri kumeza kazi alikuwa anazisikia kila wiki. Kazi ya tatu ifike Ijumaa kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Mke wangu akaweka simu chini, akaanza kukunja nguo zilizokwisha kunjwa. Roho iliniuma. Huyu mtu hajawahi kuchelewesha hata barua ya likizo.

Ijumaa saa tano na robo alikuwa kwenye kihariri cha tatu. Mimi ni fundi bomba, na siku hiyo nilikuwa chini ya sinki letu wenyewe, nabadilisha mpira. Ghafla vidole vikanyamaza.

"Kimekula tena?"

"Yote," akajibu kwa sauti ndogo.

Nikatoka chini ya sinki. "Nipe karatasi nikusomee. Wewe kodolea skrini, kikiganda tu sema."

"Wewe utasoma msimbo?"

"Wale mabosi wako walijua kusoma?"

Akacheka, akanipa. Nikafuta mikono, nikavaa miwani. "Mshale wa kushoto. H. Moja. Mshale wa kulia." Kila mistari mitano anapiga kelele, "Simama!", anahifadhi, anangoja kihariri kikiri kwamba kimehifadhi, ndipo naendelea. Kiliganda mara mbili, na mara zote mbili tulipoteza mistari miwili mitatu tu. Tukakizomea.

Nilijua kazi yenyewe ni kumtambulisha mtu unayemfahamu. Ni nani, alikuwa hajaniambia, nami nilidhani ni bosi mmojawapo. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili nikafika kwenye maelezo.

"'Fundi huyu akija kwako huvua viatu mlangoni kabla hujamwambia,'" nikasoma. Nikasita. Mimi huvua viatu.

"Soma!"

"'Hajawahi kuondoka kwa mtu bomba likiendelea kudondosha. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, na hadi leo nikisikia vifaa vyake vikigongana nje ya mlango, moyo wangu hutulia.'"

Nikavua miwani kuifuta.

"Mzee, muda! Utalia saa sita na nusu!"

Nikairudisha miwani, nikasoma mpaka mwisho, mshale kwa mshale. Zikiwa zimebaki dakika mbili akabonyeza kutuma. Tukakaa bega kwa bega tukingoja. Jibu la mwalimu likaingia: "Imefika na inafanya kazi vizuri. Tuonane Jumatatu."

Mke wangu aliruka, kiti kikaanguka. Akanishika mikono, tukazunguka chumba kizima, wazee wazima, hata jirani akagonga ukuta kuuliza kama tuko salama. Sijawahi kuwa salama vile.

Tulipoishiwa pumzi nikaokota kiti, nikamkalisha. Upande wa pili wa skrini ukurasa ulikuwa umetulia, sifa zangu zimepangwa mstari kwa mstari.

"Sasa nisomee wewe," nikamwambia. "Bila mishale."

Akaona haya, akajifanya anakohoa. Kisha akanisomea yote, polepole, mpaka namba yangu ya simu.