Andika Mtalii

Juzi, katika ofisi ya safari huko mtaa wa Makole, mbele yangu kwenye foleni, mwalimu mstaafu wa kijiji cha Busi alikuwa akijaziwa fomu ya kwenda Unguja.

"Shikamoo, mama. Unakwenda kwa nani?" karani akauliza.

"Marahaba. Nakwenda makumbusho."

Karani akatabasamu, akaandika: kusalimia ndugu.

Mama akaweka kidole juu ya maneno hayo. "Futa. Andika mtalii."

"Mtalii si mzungu, mama?"

"Nimefundisha historia ya kisiwa kile kwa picha za kitabuni mpaka nimestaafu. Sasa nataka kuiona. Andika."

Akaandika.

Sisi wa bara huvuka maji kwa harusi na msiba. Anayekwenda kutazama tu lazima ajieleze. Zamu yangu ilipofika, nami niliulizwa nakwenda kwa nani.

"Siendi kwa mtu," nikajibu.