Nilivyokemea Mizimu ya Kwenye Televisheni

Mpaka leo nikikuta akina mama wa kanisa letu hapa mtaani Carama wamesimama wawili wawili wanacheka, najua wananicheka mimi, na wana haki, maana ni kweli yalinikuta, tena nikiwa kiongozi wao, mtu wa kuombwa ushauri na wake za watu.

Shemeji yangu Déo, mdogo wa mume wangu, tunaishi naye, na anafanya kazi kwenye depo moja kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Siku moja akarudi na mashine ya zamani ya kuchezea michezo kwenye televisheni, na kaseti moja tu, yenye maandishi ya Kijapani, mchezo ambao hakuna mtu tunayemjua aliyewahi kuuona. Ni msichana mwenye mshumaa ndani ya nyumba ya mizimu, vyumba kumi na viwili, kila kabati ukilifungua kinatoka kitu. Sasa mimi Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama kanisani nikawaambia akina mama kwamba michezo ya namna hiyo inamfungulia shetani mlango, basi nikamnyang'anya Déo ile mashine. Ningeifungia sandukuni, heshima yangu ingekuwepo hadi leo. Lakini nikasema ngoja niiwashe dakika tano tu, nimjue adui.

Wiki tatu, jamani. Nacheza mchana watu wakiwa kazini, maharage yanaungua jikoni (mume wangu anakula tu, anasema mkaa wa siku hizi mbaya), na mchezo wenyewe hauhifadhi chochote, roho zako zikiisha unaanza upya chumba cha kwanza, umeme ukikatika, na mnajua umeme wetu, unaanza upya chumba cha kwanza.

Jumatano moja nikafika chumba cha kumi na mbili, mara yangu ya kwanza, nimebakiza roho moja, jasho linanitoka, nimesahau kabisa kwamba saa tisa mchana kundi la maombi linakuja kwangu. Wakafika uani wakanisikia ndani: "Toka! Muache huyo mutoto! Leo hautanishinda, we muzimu!"

Mnaona walivyoelewa. Maman Odette, katibu wetu, mwanamke ambaye sijawahi kuona meno yake, akawaambia wenzake, "Mama Kiongozi iko anapigana na pepo peke yake, tumusaidie." Wakapiga magoti pale mlangoni, wote kumi na mmoja, wakaanza kukemea kwa sauti, na mimi nasikia lakini nadhani ni muziki wa mchezo (ndivyo nilivyokuwa nimepotea), mpaka majirani wakajaa getini, ndipo Odette akasukuma mlango.

Akanikuta nimepiga magoti mbele ya televisheni, kitenge kimelegea kiunoni, maneti, kile kidude cha kuchezea, mkononi, vidole vinabonyeza.

Mkono wangu ulienda mpaka kwenye swichi, kisha nikafikiria zile wiki tatu, nikasema bila kugeuka, "Munisamehe, bamama. Nikizima inaanza upya."

Nilingoja nisikie viatu vyao vikiondoka. Odette akaketi kwenye mkeka nyuma yangu, akatazama kidogo, akasema polepole, "Nyuma ya pazia kuko mwingine. Naona miguu yake."

Kweli alikuwepo. Kuanzia hapo sikuwa peke yangu, huyu ananiambia kushoto, yule ameshika waya usichomoke, mwingine anaombea umeme, na lile zimwi la mwisho likayeyuka, msichana akatoka nje kwenye jua, na sisi tukapiga vigelegele nadhani vilisikika mpaka mtaa wa Kinama.

Mzee mmoja jirani akauliza kutoka getini, "Pepo imetoka?"

Odette akanitazama. Angenifichia, nilimwona usoni. Lakini nikajifunga kitenge vizuri, nikatoka, nikawaambia wote, "Apana, hakukuwa pepo. Nilikuwa nacheza mchezo niliokataza mi mwenyewe kanisani. Na nimeushinda."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nikasimama pale nimeaibika na nimenyooka kama bwana harusi.

Jioni nilimwomba Déo msamaha, nikamrudishia mashine yake. Hakukasirika, aliuliza tu nimefika chumba gani, maana yeye hajawahi kupita cha tano. Basi nimeapa, sitasimama tena mbele za watu kukataza kitu nisichokijua. Kucheza sijaapa.