Familia Nane, Vitambaa Nane

"Yezu akirudi, atapita kwanza kwa miye, nimupime kanzu."

Hayo aliyasema Maman Antoinette Mwadi kwa kipaza sauti, mbele ya kanisa zima, siku alipoitwa mbele ashukuriwe kwa kuwashonea wanakwaya sare mpya. Mchungaji akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa na maana yake, lakini Antoinette hakuwa na nafasi ya kukitafsiri. "Bazungu, Bachina, hata bale bakufa zamani," akaendelea, "miye naweza kubavalisha bote. Munipe tu muntu na kitambaa."

Kanisa lenyewe liko Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, jirani na stesheni ya metro ya Porte de Namur, na neno likitamkwa mle asubuhi, kabla ya watu kula cha mchana limeshapita saluni zote. Hili lilimfikia Doudou, kinyozi ambaye kibanda chake na cha Antoinette vinagawana ukuta mmoja ndani ya galeri, ule ujia wa maduka wenye paa. Doudou hana kosa kubwa ila hilo tu, kwamba mkasi wake na mdomo wake hufanya kazi pamoja. Siku hiyo kwenye kiti chake alikaa Arnaud, Mbelgiji mwenye nywele chache na maoni mengi, ambaye hutoka Saint-Gilles kuja kunyolewa Matonge kwa sababu anaamini ndiko kunakopatikana binadamu wa kweli.

Arnaud anaongoza kikundi cha michezo ya kuigiza. Wakati huo alikuwa akitayarisha mchezo juu ya familia za Prussia zilizouza vijishamba vyao mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, zikaja mpaka bandari ya Antwerp na mabunda yao, zikapanda meli kwenda Amerika. Waigizaji aliwaokota mtaani kwake: Wareno, Wamoroko, Wapoland, Wakongo, Warundi. Kasoro ilikuwa moja. Mshonaji wake alikuwa amemtoroka.

"Bazungu bakufa zamani?" Doudou alimwambia, akimpulizia vinywele shingoni. "Hapa nyuma ya ukuta kuna maman anabavalisha. Alisema mu kanisa."

Basi Arnaud akapita upande wa pili wa ukuta na kutoa maagizo yake, ambayo Antoinette aliyashika neno kwa neno. "Familia nane. Zinafika bandarini, zinachanganyikana, nyingine zinapotezana. Nataka hata mtazamaji aliyekaa nyuma kabisa, akitupa jicho tu, ajue nani ni wa nani."

"Bon," alisema Antoinette. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Onyesho la kwanza likienda vizuri, Jumatatu yake unasaini kandarasi. Ya kudumu."

Antoinette akaipokea ile kandarasi kwa uso mkavu, kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. Moyoni kulikuwa kumewaka moto. Miaka minane nyuma alikuwa ameondoka Lubumbashi akamwacha binti yake, Jémima, kwa dada yake, katika mtaa wa hukohuko uitwao Kenya, kwa ahadi ya mwaka mmoja. Ahadi ya mwaka mmoja ni kama dawa ya sokoni, kila mtu anajua inadanganya, na kila mtu anainywa. Karatasi za ukaazi za Antoinette zilikuwa za kurefushwa mwaka hadi mwaka, na wakili alimweleza bila kupakapaka asali: ili mtoto aje, mama aonyeshe kazi ya kudumu, na dosia ya maombi iingie kabla mtoto hajatimiza miaka kumi na nane. Akitimiza, si mtoto tena. Ni mtu mzima anayeomba visa, apange foleni na wengine.

Jémima alikuwa amebakiza majuma matano.

Kwa hiyo Antoinette alishona. Wakongo wa galeri, waliomngoja ashike vitenge vya maua ya manjano na kuwavika Waprussia kama wajomba wa bibi harusi, walingoja bure. Alitazama picha za kale mpaka macho yakamwuma, akachagua sufu nzito, kitani, pamba za mistari na za miraba, rangi za udongo na za moshi. Mikato yake ilikuwa safi. Na kwa kuwa waigizaji ni watu wa kazi, wenye saa zao, walikuja kupimwa mmoja mmoja, huyu akitoka kufagia ofisi, yule kabla ya zamu yake.

Burhani alikuja akitokea Uccle, ambako huwahudumia wazee majumbani. Ni Mrundi wa Bujumbura, Mwislamu wa sala tano, na alikuwa amepewa kuwa baba Friedrich, mkulima Mlutheri.

"Maman, hii suruali niachie nafasi huku nyuma," alisema. "Friedrich nitamweka kando kidogo. Sala ya magharibi ikinikuta, miye nasujudu."

"Utasujudu na kitani ya Ulaya. Haipasuke. Inua mikono."

"Na Imani wangu?" Binti yake ndiye angemwigiza binti wa Friedrich, yule ambaye daktari wa bandari anamkuta na ugonjwa wa macho na kumzuia kupanda meli.

"Yake nilishakata zamani," alijibu Antoinette, na akarudi kwenye kipimo cha kiuno.

Alhamisi ikafika, siku ya zoezi la mwisho. Kwa mara ya kwanza familia zote nane zikasimama pamoja jukwaani zikiwa zimevaa. Antoinette alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, akisubiri sifa.

Kisha Mreno mmoja akaanza kucheka puani.

Familia ya kwanza ilivaa miraba ya kahawia, kuanzia babu mpaka kitoto cha mgongoni. Ya pili mistari ya kijivu, wote. Ya tatu kijani ya chupa, wote. Hivyo hivyo mpaka ya nane, ya Burhani, buluu yenye vitone vyeupe, suruali ya baba, sketi ya mama, gauni la mtoto. Nani ni wa nani, hata kipofu angejua.

"Hii ni nini?" aliuliza Arnaud kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo mbaya.

"Ni familia."

"Hizi ni kwaya. Ni kwaya nane zinakwenda mashindanoni Amerika."

"Kwetu," alisema Antoinette, Kifaransa chake kikianza kukauka, "familia ikiozesha, ikizika, ikisafiri pamoja, inavaa kitambaa kimoja. Ulisema bajulikane."

"Wajulikane kwa uigizaji! Hawa ni maskini. Walivaa walichopata."

"Hukusema."

"Sikudhani ni jambo la kusema."

Hapo ndipo watu wawili wenye akili timamu walipotazamana kila mmoja akiwa na haki yake mkononi, na haki mbili katika chumba kimoja ni ugomvi. Arnaud alitoa simu. Kulikuwa na mahali wanapokodisha mavazi, alisema. Kwa kazi iliyokwisha fanyika asante, ila kandarasi ya Jumatatu aisahau.

Antoinette akasimama. Wale waliomjua kanisani wasingemtambua. "Unipe mpaka samedi. Vitambaa ni vizuri, mikato ni mizuri, wewe mwenyewe umeona. Nitavichanganya. Koti la huyu kwa yule, sketi ya huku kwa kule. Samedi ukiona kwaya hata moja, usinilipe hata senti."

Arnaud aligeuza pindo la koti la karibu, akatazama mishono. Kazi ya mikono haikuwa na doa, hilo hata hasira yake ililiona. "Jumamosi," alisema. "Hata moja."

Ijumaa nzima kibanda kilijaa nyuzi. Doudou alifunga kibanda chake, akaja na wembe wa kazini, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akafumua pindo. Kumfukuza huwezi, kunyamazisha huwezi.

"Yezu eko anangojea kanzu," alisema, "na weye uko unafumua ba-Prusse."

"Doudou, fumua."

"Sikatae. Lakini miye nawaza. Kama ulisema tu mu kanisa, 'Niko fundi mudogo, Mungu anisaidie', leo tungekuwa tunakunywa bière."

"Kama weye ulifunga kinywa siku moja, miye ningekuwa tajiri."

Babu wa miraba akapata koti la kijani. Mama wa mistari akapata sketi ya kahawia, yenye kiraka cha kijivu kilichobandikwa makusudi ili ionekane imeishi. Familia ya kwanza ikavunjika, ya pili, ya tatu. Kufikia alasiri saba zilikuwa zimechanganyika kama watu halisi. Ilibaki ya nane. Doudou akavuta lile gauni la buluu lenye vitone, akaingiza wembe chini ya mshono wa bega.

"Hapana," alisema Antoinette.

"Maman, alisema hata moja."

"Weka chini."

Doudou akaliweka, kwa sababu alimtazama usoni. Hata mdomo wake hujua saa ya kufungwa.

"Siku niliondoka," Antoinette alisema, akivuta uzi ambao haukuhitaji kuvutwa, "nilikata kitambaa kimoja. Robe mbili, gauni yangu na ya Jémima. Bleu ya vitone. Uwanja wa ndege wa Luano bantu banajaa, kila muntu analia na wake. Nilifika juu ya ngazi ya ndege, nikageuka. Sikuona uso. Uso ulikuwa mbali. Niliona vitone."

Nje mtu alipita akipiga simu kwa Kilingala, akicheka.

"Maman," alisema Doudou, taratibu kabisa, "ukiacha hii, unaweza kupoteza ile kandarasi. Na ukipoteza ile kandarasi, unapoteza mutoto. Juu ya robe."

"Minajua."

"Donc fumua."

Alilichukua gauni. Alilishika, mkasi ukiwa mkono wa pili. Mtoto wake wa kweli upande mmoja, mtoto wa Friedrich upande mwingine, na mtu mwenye akili haulizi achague nani. Akaifumua sketi ya mama ili aibadilishe. Akabadilisha suruali ya baba. Kisha, kabla hajalifikia gauni, akairudia ile sketi na kuishona tena kama ilivyokuwa, mkono ukienda haraka, macho hayakuinuka. Suruali ikabaki ya kijivu. Mama na mtoto wakabaki buluu.

Jumamosi Arnaud aliwakagua mmoja mmoja nyuma ya pazia. Saba zilipita na akaanza hata kupumua. Alipofika kwa Burhani, mkewe wa jukwaani na Imani, akasimama. Ukumbini watu walishakaa, kiti kikilia huku, kikohozi kule.

"Nilisema hata moja."

"Hawa ni wawili tu," alisema Antoinette. "Si kwaya."

"Hatuna muda wa hili." Arnaud alitazama saa yake. "Jumatatu usijisumbue kuja."

Antoinette aliuona mchezo wote akiwa amesimama kando ya kamba za pazia. Familia zilifika bandarini. Zilichanganyikana, zikaitana, zikasukumana na mabunda. Burhani alimwuliza karani wa meli kama Amerika kuna viazi, watu wakacheka. Halafu akaja daktari na kifaa chake, akageuza kope za kila abiria. Alipofika kwa Imani akatikisa kichwa na kumsogeza pembeni.

Kwa mpangilio wa Arnaud, mama alipaswa kuliita jina la mtoto mara tatu kutoka ngazini, na hapo ndipo mtazamaji ajue ni wa nani. Yule mama, Mpoland mwenye sauti ya kengele, alipanda ngazi akisukumwa na umati wa kahawia, kijani na kijivu. Akageuka. Akafungua mdomo. Chini, kati ya mabunda na mabega ya watu, kulikuwa na kipande kimoja cha buluu chenye vitone, na juu kilikuwapo kingine. Aliufunga mdomo. Akashika pindo la sketi yake, akaliinua kidogo, kama mtu anayeonyesha taa. Imani akashika pindo la gauni lake.

Safu ya nyuma kabisa mzee mmoja akavua miwani.

Antoinette hakuona zaidi. Alikuwa ameshika kamba ya pazia kwa nguvu hata fundi mitambo akamwomba aiachie, au pazia lishuke Waprussia wakiwa bado Ulaya.

Jumatatu hakwenda. Ni Arnaud aliyekuja galeri, akavuka kiti cha Doudou bila kunyolewa, akaweka karatasi juu ya cherehani. Kandarasi.

"Hukunitii," alisema.

"Hapana."

"Siku nyingine uniulize kwanza."

"Siku nyingine useme yote."

Alimpa kalamu. Upande wa pili wa ukuta mkasi ulikuwa umenyamaza, na Antoinette alijua kabla ya jioni saluni zote zitajua. Akasaini. Dosia ikaingia Jumatano. Siku ya kuzaliwa ilikuwa Ijumaa.

Kisha ikaja kazi nyingine ya kushona, ile ya kungoja, ambayo haina uzi. Baridi ikapita. Antoinette aliacha kujisifu kanisani hata mchungaji akamwuliza kama anaumwa. Simu ya Lubumbashi ilipolia mchana mmoja, alikuwa na pini midomoni, akazitema zote sakafuni.

"Maman," alisema Jémima. "Banatoa visa."

Antoinette alikaa juu ya ndoo ya Doudou.

"Maman, unasikia? Nivae nini, ili unione kule uwanjani?"

"Ile ya vitone."

"Ile? Maman, ile iko ya mutoto. Hata mukono hauingie."

"Utaikamata mu mukono," alisema Antoinette.

Tiketi ya kwenda tu, Lubumbashi hadi Brussels kupitia Addis Ababa, ni euro mia saba na themanini. Antoinette akaokota pini zake, akarudi kwenye cherehani.