Jiwe la Pikapu ya Babu

Baba mdogo amekuja Machame kwa Krismasi na gari linalopiga kelele. Ukirudi nyuma, tii, tii, tii, hata kwa jani la mgomba. Jana liligoma kuingia uani kwa sababu ya kuku mmoja. "Teknolojia hiyo," akasema, huku akishuka kumfukuza kuku kwa kiatu.

Kisha akaitazama pikapu ya marehemu babu, majani yamemea hadi kwenye bodi. "Kesho watu wa vyuma chakavu wanakuja kuichukua. Hapa patakuwa paking nzuri."

Nikaingia ndani ya pikapu, nikabamiza mlango mara mbili, maana mara ya kwanza huwa haufungi. Harufu ni ileile, rafiki yangu: dizeli, majani ya ng'ombe, kahawa kavu. Nikafumba macho, nikawa na miaka sita.

Pikapu ile haikuwa na kamera. Ilikuwa na bibi, kasimama nyuma na kanga yake: "Njoo, njoo, njoo... we mzee, migomba yangu!" Kiyoyozi hakuna, tulizungusha kishikio, kioo kikashuka, ukungu wa mlimani ukaingia kukaa nasi kitini. Breki ya mkono ilikufa kabla sijazaliwa. Breki ilikuwa mimi. Babu akisimama kwenye mteremko, anapiga honi, naruka na jiwe langu jeusi, nalisukumia nyuma ya tairi, napiga saluti. Breki ya baba mdogo ni kitufe. Safi sana. Ila kitufe hakipewi ndizi mbivu kwa kazi nzuri.

Siku moja nililitoa jiwe nikapasulie makadamia. Pikapu ikaondoka taratibu, kimya, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Ikapita kati ya migomba, ikaegemea mti wa kahawa, ikatulia. Sijawahi kuona kitu kizuri vile, wala kuogopa vile.

Bibi akakata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akanipa. Kwetu ukimwendea mtu na isale umekiri kosa, naye akilipokea amekusamehe, hata awe na hasira za nyuki. Babu alilipokea, akalichomeka juu ya kioo cha mbele. "Sasa gari lina madereva wawili," akasema. "Mimi wa kwenda mbele, wewe wa kurudi nyuma."

Jani bado liko palepale, limekauka. Nikalitazama, nikapata akili. Ya kihuni.

Asubuhi ya leo nimekata isale mbichi, nikampelekea baba mdogo kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba mdogo. Nisamehe."

Akalipokea kabla ya kuuliza. "Marahaba. Umefanya nini tena?"

"Bado. Hao watu wa vyuma wakija watanikuta ndani ya pikapu, na sishuki."

"Wewe mtoto!" Akataka kunirudishia jani.

Bibi akakohoa mlangoni. "Umeshalishika, mwanangu."

Basi wamekuja, wamekunywa chai, wameondoka na lori tupu. Gari jipya limelala nje ya geti, linapigia mbuzi kelele.

Mimi nimekaa huku, nazungusha kioo. Ukungu umeingia, umekaa upande wa babu. Najua, la baba mdogo linashinda kwa kila kitu, na hili haliwaki tena, na aliyekuwa akipiga honi ili niruke hayupo. Haliendi popote. Hata hivyo, kabla ya kupanda, nimeliweka jiwe.