Nyumba Aliyoijenga Tabitha

Usiku ule nililala shati langu la kwendea chuoni likiwa limetundikwa kwenye msumari, na chumba cha pili mama alikuwa akiimba polepole, wimbo wa kanisani, kama mtu mwenye safari njema. Asubuhi yake tulikuwa tunangojewa chuo kikuu. Walitaka kumpa mdogo wangu Tabitha shahada yake ya uzamili, ingawa alikuwa ameshatuacha, ni mwezi wa nne sasa. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba kazi wanayotaka kuiona haipo.

Nieleze kwanza, maana bila hivyo ndoto yenyewe haitaeleweka.

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni. Niliishia darasa la saba. Kwetu aliyesoma ni Tabitha, akasoma mpaka akafika kwenye masomo niliyoshindwa hata kuyataja mbele za watu: teknolojia ya midia anuwai na burudani. Nikiulizwa mdogo wako anasomea nini, nilijibu, "Mambo ya kompyuta na sinema," nikabadilisha mazungumzo. Kazi yake ya kumalizia ilikuwa kuijenga upya nyumba ya mama, ile iliyobomolewa barabara ilipopanuliwa. Aliijenga ndani ya kompyuta. Mtu akivaa miwani fulani mikubwa inayofunika macho yote, anajiona yumo ndani ya nyumba. Akigeuka anaona ukuta, akiinua uso anaona bati. Wenyewe wanaita uhalisia pepe.

Picha za nyumba tulikuwa nazo mbili tu. Yaliyobaki aliyatoa kichwani mwangu, kwa kuwa nyumba ilipovunjwa yeye alikuwa bado mdogo. Alinisimamisha uani, akaniambia nifumbe macho, nitembee kama natoka sebuleni kwenda kwenye mtungi wa maji.

"Hatua tisa," nikamwambia.

"Kaka, hizo hatua za mzee mwenye kitambi. Tembea kama ulivyokuwa mtoto."

Nikatembea kitoto pale uani, macho nimefumba, mama akacheka mpaka akakaa chini.

Mama aliahidiwa kwamba siku ya kuionyesha kazi, yeye ndiye atakayevaa miwani kwanza. "Ila waambie walete yenye mkanda mrefu," alisema, "kichwa changu hiki si cha kuazima kofia." Tabitha alipougua alirudi nyumbani na kompyuta yake, akaendelea kujenga akiwa kitandani. Kwenye kompyuta za chuoni kulibaki msingi na kuta mbili tu. Nyumba nzima ilikuwa kwenye ile kompyuta, na siku aliyoniambia, "Kaka, nimemaliza," alikuwa hana nguvu ya kuniwashia nikaona. Nami sikumsumbua.

Baada ya arobaini niliichukua ile kompyuta. Nilitaka binti yangu aisomee. Ikawa kila nikiiwasha inadai neno la siri, nikaipeleka kwa fundi. Fundi akasema dawa yake ni kuipiga windo upya. Akaniuliza, "Mzee, kuna vitu vya kutunza humu?"

Nikamjibu, "Hamna. Mwenyewe amefariki."

Ndivyo nilivyosema. Sikujua kwamba kupiga windo ni kufuta vyote vilivyomo. Lakini fundi aliniuliza, sitamsingizia. Nilikuwa nimesimama nimeuweka mkono juu ya ile kompyuta, nikajibu kabla sijafikiri.

Wiki chache zikapita, Dokta Sanga aliyekuwa akimsimamia Tabitha akapiga simu. Chuo kimekubali kumpa shahada yake, akasema. Njooni na kompyuta, na mama aje. Nikarudi kwa fundi mbio. Akahangaika nayo siku mbili, akanirudishia bila kunitazama usoni. "Mzee, havirudi." Nikampigia Dokta nikamwambia tutakuja. Nikamwambia mama tutakwenda. Sikusema lingine kwa mtu yeyote, hata kwa mke wangu.

Basi nikalala.

Nikajiona niko jikoni shuleni, mchana, nasonga ugali wa wanafunzi kwenye sufuria kubwa. Tabitha aliingia kwa mlango wa kupitishia kuni. Alivaa sweta lake la kijani, kitambulisho cha chuo shingoni, na mashavu yake yalikuwa yamerudi. Sikushtuka. Nilijua kwamba amekufa, na nilijua pia kwamba ana haraka. Aliutoa mwiko mkononi mwangu, akauweka kando, akanivisha miwani.

Na hapo tumo ndani ya nyumba ya mama.

Sakafu ni ile ile ya saruji nyekundu, imepasuka karibu na kizingiti. Vikombe vya bati vimening'inia ukutani kwa kufuata ukubwa wao. Kalenda ya zamani iko pale pale, na chini yake alama za penseli mama alizokuwa anatupimia urefu, yangu juu, ya Tabitha chini kabisa. Nagusa ukuta, ni baridi. Nasikia harufu ya moshi wa mlanji, kuni alizokuwa akipikia mama. Nasahau kwamba nyumba hii ilivunjwa. Nasahau hata fundi. Kwa muda mfupi nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo toka tumzike.

Tabitha amekaa kwenye kigoda, kompyuta magotini, vidole vinakwenda. Bado anajenga. Haniangalii.

"Kaka," anasema, "dirisha la chumba cha mama lilikuwa na nondo ngapi?"

Nageuka nihesabu, na dirisha halipo. Halikuvunjwa. Mahali lilipokuwa pana weupe mtupu, kama karatasi. Nageukia vikombe nipate walau cha kumjibu, navyo vinaondoka kimoja kimoja kadiri ninavyovitazama. Naangalia kalenda, imekwenda. Alama za penseli zimekwenda, yake kwanza, kisha yangu. Kila jicho langu linapotua, kitu kinafutika. Basi nafumba macho, nisije nikaimaliza nyumba.

"Ngapi, kaka?"

Nasikia vidole vyake vinabonyeza. Yeye anajenga upande ule, mimi nafuta upande huu, na hajui. Nataka kumwambia aache, asijichoshe bure. Mdomo unafunguka na sauti haitoki. Nimesimama tu katikati ya nyumba, mtu mzima, nimefumba macho kama siku ile uani, na hakuna anayecheka.

Sijui tulitokaje pale. Sasa tumo kwenye ukumbi wenye viti vingi na watu waliovaa majoho. Mama amekaa mbele peke yake, amevishwa miwani, na mkanda umemtosha vizuri. Watu wanapiga makofi. Mama anatabasamu, ananyoosha mkono mbele, anapapasa hewani. Anapapasa kulia. Anapapasa kushoto. Tabasamu linapungua polepole.

"Festo, mbona sioni?"

Makofi yanaendelea. Mama anashusha mkono, anaufuta kwenye kitenge, kisha anasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeona haya mbele ya wageni:

"Labda ni macho yangu haya."

Tabitha amesimama ubavuni pangu. Kompyuta hanayo tena. Nilimtazama, nikaona kuwa anajua, na pengine alikuwa anajua toka mwanzo. Hakunikasirikia. Ningefurahi kama angenikasirikia, maana ningepata pa kushika.

Nikasema, "Nisamehe." Hilo lilitoka.

Akasema, "Mimi hanisikii. Wewe anakusikia. Usimwache adhani ni macho yake."

Nilinyoosha mkono nimvue mama miwani. Mkono haukufika. Nikausukuma, nao ukawa unarefuka na mama anazidi kuwa mbali, bado anapangusa vidole kwenye kitenge. Nikaamka hivyo, mkono uko juu.

Kulikuwa kumekucha. Nilimkuta mama amekwisha kuoga, amevaa na kilemba, amekaa ukingoni mwa kitanda chake anasafisha miwani yake ya kusomea kwa ncha ya kanga.

"Afadhali umeamka," akasema. "Hivi ile ya Tabitha inavaliwa juu ya hii, au ninaivua hii kwanza? Nisije nikawaaibisha mbele za wasomi."

Nikapiga magoti sakafuni. Nilikuwa na maneno mengi ya kuzunguka, niliyokuwa nimeyapanga wiki nzima, kwamba kompyuta zinaharibika, kwamba umeme, kwamba fundi. Hayakuja.

"Mama, hutavaa kitu. Nyumba haipo. Tabitha aliimaliza, mimi nikaifuta. Nilimwambia fundi hamna cha kutunza."

Akaacha kusafisha.

"Yote?"

"Yote."

Nilikuwa nangoja anipige au alie. Akauliza, kana kwamba hilo ndilo pekee lililobaki la kujua:

"Wewe uliiona, ilipokwisha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kumsimulia vikombe na kalenda, naye angeamini.

"Hapana, mama. Sikuiona."

"Basi hakuna aliyeiona."

"Hakuna."

Alikaa akiiangalia miwani yake mkononi. Halafu akasogea kidogo kitandani, akaniachia nafasi. Nikainuka, nikakaa karibu naye, nikatoa simu, nikampigia Dokta Sanga nimwambie naye.