Mlango Alioleta Duncan

Persis Nyamoita hajui kuchonga jiwe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa kijijini Tabaka nao huanza na hilo, tangu siku alipoolewa hapa akitokea Gesima, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa majani chai. Walimcheka sana. Ameolewa kwenye boma la wachongaji na hawezi kutofautisha tupa na msasa! Leo hao waliomcheka humpigia simu kila Jumatatu kuuliza kama kuna oda.

Mimi naitwa Drusilla. Kazi yangu kwake ni kuosha mawe na kuyapiga msasa, na pia kuona yasiyonihusu, kazi ambayo silipwi.

Alichojua Persis ni kupiga picha. Alianza na simu yenye kioo kilichopasuka. Anaweka kiboko wa jiwe juu ya jani la mgomba, anapiga picha, anaipandisha kwenye soko la mtandaoni la ng'ambo. Mwaka wa kwanza aliuza bakuli tatu. Mwaka wa sita alinunua kiwanja cha jirani mmoja, Mokua, kando ya barabara, hati kwa jina lake, akajenga nyumba ya vyumba vitano, kimoja kikiwa cha kufungia mizigo. Mumewe, Duncan, yuko Nairobi akifanya biashara ambayo hakuna aliyewahi kuiona wala kuinusa. Katika ujenzi ule wote Duncan alileta mlango wa mbele, wa chuma, wenye simba wawili waliopakwa rangi ya dhahabu. Tangu hapo watu wote wanasema "nyumba ya Duncan." Persis aliwaacha waseme. Sijui aliwezaje, maana mimi ningeung'oa mlango huo na kumrudishia kwa basi.

Sasa, mtu akinunua kiboko kwenye soko lile, soko lenyewe halishiki pesa. Pesa hushikwa na kampuni nyingine, ya malipo, na hiyo ndiyo humtumia Persis. Soko ni bwana harusi mwenye tabasamu, na kampuni ya malipo ni mama mkwe. Ukimkosea mama mkwe, tabasamu la bwana harusi halikusaidii kitu. Akaunti ya malipo ilikuwa kwa jina la baba mkwe wake, Mzee Ongeri, kwa sababu siku ya kuifungua walitaka leseni ya biashara, na leseni pekee bomani ilikuwa ya kibanda chake cha kuchongea. Biashara ilipohamia nyumba mpya, Persis alibadilisha anwani tu.

Mwezi wa Juni ikaja oda ya viboko mia nne. Wakachongwa, tukawapiga msasa mpaka mikono ikawa myeupe, tukawapakia, wakaondoka. Mnunuzi akalipa. Kampuni ya malipo ikazizuia pesa. Kwa kiasi kikubwa hivyo, walisema, lazima wamwone mwenye akaunti kwa video, akiwa ndani ya jengo la biashara pamoja na mizigo. Asipoonekana, akaunti itafungwa na pesa zitarudi kwa mnunuzi, viboko wake akiwa nao tayari. Persis akaliandikia soko. Soko likajibu kwamba mambo ya malipo waulizwe watu wa malipo. Watu wa malipo wakampa siku ya Jumamosi. Mzee Ongeri ni mzee wa kanisa la Sabato, kwa hiyo hilo hata hatukulijadili. Wakasogeza hadi Jumatatu na kusema hiyo ndiyo ya mwisho.

Jumamosi ilikuwa shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba kwetu Gusii mzee haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni chinsoni, heshima ya wakwe, na Mzee Ongeri, ambaye kwenye bei ya jiwe anajua kupinda, kwa chinsoni amenyooka kama rula. Miaka mitatu alikunywa chai ya Persis uani, kwenye kiti cha plastiki. Mvua ikinyesha, anafungua mwavuli na kunywa nusu chai, nusu mvua.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ikaita. Mimi ndiye niliyeishika. Aliyetokea ni msichana anayeitwa Tryphosa, mwenye sauti ya upole, akasema yuko ofisini Nairobi lakini kwao ni Homa Bay.

"Mzee, tafadhali ingia ndani nikuone na mizigo."

"Hapa nje kuko na mwangaza mzuri," Mzee akajibu.

"Kweli, lakini fomu inasema ndani."

Persis akatoa meza na makatoni mawili uani. Tryphosa akakataa. Mzee akazunguka kitanda cha maua, akaingiza kichwa dirishani, kiwiliwili kikabaki nje.

"Kichwa imeingia," akasema. "Andika kichwa, mwanangu."

Tryphosa akacheka, kisha akaacha. "Mzee, hata kwetu hayo mambo ya mkwe yapo. Lakini hii fomu iliandikwa na mtu hana mkwe. Tumebakisha dakika tano, halafu sistimu inajifunga yenyewe."

Nikamtazama Persis. Kilichomjaa usoni hakikuwa hofu. Ilikuwa hasira, tena ya siku nyingi.

"Tata," akamwambia mkwe wake, kama tunavyomwita baba, "hii nyumba si ya Duncan."

Mzee akatoa kichwa dirishani polepole.

"Kiwanja nilinunua mimi. Mawe, simiti, mabati, yote ni mimi. Duncan alileta mlango."

Maneno hayo mke hamwambii baba mkwe wake. Nilikaribia kuiangusha simu, na wakati huohuo nilifurahi mpaka nikajionea aibu.

Mzee akawatazama wale simba. "Mlango tu?"

"Mlango tu. Hata kufuli nilinunua mimi."

Akavua kofia, akaivaa tena. Nilidhani anaenda zake nyumbani, na viboko wetu mia nne wamekwenda bure. Uso wake haukuwa wa mtu aliyetukanwa. Ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa analijua. Akaanza kuizunguka nyumba, mimi nyuma yake na simu, Tryphosa akiuliza, "Sasa tunaenda wapi?" Mzee akafika kwenye mlango wa jikoni, ule wa mbao ambao Persis alimlipa fundi wa Magwagwa autengeneze. Akasimama.

"Hodi kwa Persis," akasema.

Persis, aliyetufuata, alikuwa anajifuta machozi. Nikaitikia mimi, "Karibu, Mzee," kama vile nyumba ni yangu.

Akaingia, akapita masufuria, akasimama katikati ya makatoni na vumbi jeupe. Tryphosa akamuuliza swali la mwisho kwenye fomu, kama ndiye mwenye akaunti.

"Akaunti ni yangu. Hivi vingine vyote ni vya huyu," akasema, akimwonyesha Persis kwa kidole.

"Basi, Mzee, hiyo akaunti muandikishe kwa jina yake," Tryphosa akasema. "Mimi nimekuona. Tumemaliza."

Pesa ziliingia Jumatano, wachongaji wakapata chao, na kabla ya mwezi kwisha Persis akawa na leseni na akaunti kwa jina lake.

Mzee naye, tangu siku hiyo, amekuwa mgeni asiyetoka. Anapitia jikoni, anachungulia kilicho jikoni, anaketi kwenye kochi lililo laini kuliko yote. Hapo ndipo Duncan alipomkuta mwezi wa Desemba, aliporudi na kuufungua mlango wake wa simba kwa kishindo. Baba yake alikuwa amevua viatu, kikombe mkononi. Duncan akarudi nyuma mpaka akagonga kisogo kwenye simba mmoja.

"Baba! Uko ndani ya nyumba yangu?"

Mzee akapuliza chai yake.

"Nyumba yako sijawahi kuiona," akasema. "Siku utaijenga, nitakaa nje."